Mwalimu Breki na Masega Yaliyorudi

Tulimwacha Mwalimu Breki amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, kiganja kimeziba mdomo, na Fundi Ekzosi ndiyo kwanza amekata kamba ya mwisho ya lile gunia. Wapo wasomaji walioapa kwamba ndani mna bangi. Yupo mmoja aliyesema mna kichwa cha mtu. Poleni wote. Ndani mlikuwa na masega, kile kitungi cha chuma cha bomba la moshi la gari, kama alivyoahidiwa.

Ila masega yale aliyajua.

“Mwalimu, vipi?” fundi aliuliza. “Mbona umebadilika rangi?”

Mwalimu Breki aliinama. Alinyoosha kidole akagusa upande wa kile kitungi cha chuma. Palikuwa na bonde, limebonyea kama kikombe cha bati kilichoanguka.

“Hili bonde nalijua,” alisema.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nisikuchoshe. Mwalimu Breki anafundisha udereva. Ana chuo cha chumba kimoja na gari moja, lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake juu ya breki hiyo umeokoa kuku, bustani na ukuta wa kanisa. Majuzi gari lilianza kunguruma kama trekta. Fundi akaingia chini, akatoka na habari mbaya: masega yamekatwa, pakawekwa bomba tupu.

“Kazi yake ni kusafisha moshi,” fundi alimwambia siku ile. “Ndani kuna vitundu, na kwenye vitundu wamepaka madini ambayo dhahabu inayaamkia shikamoo. Ndiyo maana wezi siku hizi hawataki redio.”

“Na mapya ni bei gani?”

Fundi alitaja bei. Mwalimu Breki alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. Ilikuwa karibu nusu ya thamani ya gari lenyewe.

Kesho asubuhi ndiyo ukaguzi. Wakaguzi wataingiza mashine yao bombani, na moshi ukikataliwa, gari halifundishi tena. Gari lisipofundisha hakuna chuo. Ndipo mumewe, mchoraji wa mabango, mtu wa maneno matamu na vidole vyenye rangi, alipojitokeza kama mwokozi: rafiki wa rafiki yake ana masega yaliyotumika, kwa nusu ya bei. Mwalimu Breki akatoa pesa yake yote ya kikoba, pesa aliyokuwa akiidunduliza anunue gari la pili, na leo mume akaleta lile gunia.

Sasa mmeelewa. Turudi gerejini.

“Unalijuaje?” fundi aliuliza.

“Kuna mwanafunzi alipanda jiwe kule uwanjani. Zamani.”

Hakumalizia. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mumewe, kabla hajawa mumewe. Alikuwa akimsimulia kichekesho huku akiendesha, naye mwalimu akavunjika mbavu hata mguu ukachelewa kwenye breki, na gari likapanda jiwe. Walishuka, wakalala chini kifudifudi kuchungulia, wakaliona lile bonde. Pale pale mavumbini, yule mwanafunzi akamwomba amuoe. Tangu hapo kila gari lilipoinuliwa gereji yoyote, Mwalimu Breki alichungulia bonde lake na kutabasamu peke yake.

“Labda yamefanana tu,” alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba.

Fundi Ekzosi alibeba kile kitungi, akakiinua hadi pale kilipokatwa kitungi cha kwanza. Chuma kilikaa. Kilichopinda huku kilipinda na kule, mkato kwa mkato, kama vipande vya sahani moja.

“Mwalimu, umeuziwa mali yako mwenyewe.”

Mwalimu Breki alikaa juu ya tairi kuukuu.

“Na jambo jingine,” fundi aliendelea, mtu wa watu, hajui anachokitonesha. Aliokota lile bomba tupu alilolitoa. “Ona hii kutu.”

“Ina nini?”

Fundi alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua. Kutu ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake chuma kilikuwa kipya kabisa, kinang’aa.

“Ni rangi. Wamechanganya kahawia na nyekundu na kijivu kidogo, ukichungulia unaona chuma cha siku zote. Aliyefanya hivi si mwizi wa barabarani. Huyu ni fundi wa rangi, na ana mkono.”

Mwalimu Breki alikichukua kile kitambaa, akakikunja.

“Niite polisi?” fundi aliuliza.

“Chomelea kwanza. Kesho nina ukaguzi.”

“Lakini Mwalimu…”

“Baba, chomelea.”

Fundi akavaa miwani yake. Cheche zikaruka. Mwalimu Breki akageuzia uso ukutani, na kama mtu angemwuliza kwa nini macho yamelowa, angesingizia moshi.

Msomaji, usimcheke. Mwanamke huyu hakuwa mjinga. Lakini alikuwa na tumaini moja dogo na alilishika kwa mikono miwili: huenda mume naye amechezewa shere. Huenda kauziwa mbuzi kwenye gunia, hajui masega yametoka gari gani. Wachora mabango wako wengi mjini. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa dakika chache aliamini.

“Nani ananunua masega mjini hapa?” aliuliza fundi alipovua miwani.

“Ni mmoja tu. Wanamwita Sumaku. Haachi kitu hadi akigusishe sumaku, hata sarafu unayomlipa. Duka lake liko nyuma ya ghala la mbao, kwenye kichochoro hata bango hakina. Asiyepajua hapaoni.”

“Asante.”

“Kuwa mwangalifu, dada yangu.”

*

Gari lilirudi chuoni kimya, linapumua kama mtoto aliyepona homa.

Chumba cha chuo kina meza ndefu iliyochorwa barabara, na juu yake vigari vya plastiki ambavyo wanafunzi huvisukuma wakijifunza nani apite kwanza. Kwenye meza hiyo alikaa Katibu. Ndivyo wanafunzi wanavyomwita mdogo wake Mwalimu Breki, msichana aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akampa kazi, akamshonea na fulana ya njano yenye jina la chuo kifuani. Fulana hizo ziko mbili tu duniani. Nyingine ilikuwa mwilini mwa Mwalimu Breki.

Simu ya Katibu ikawika kama jogoo. Ndio mlio aliouchagua, na wanafunzi wapya huruka vitini wakidhani kuku ameingia.

“Nitakupigia,” Katibu alisema haraka, akakata. “Dada! Limepona?”

“Limepona.”

Mume akatokea mlangoni, brashi sikioni, meno yote nje.

“Nimesikia ukimya, nikajua ni gari la mke wangu! Si nilikwambia? Mumeo hashindwi kitu.”

“Hushindwi,” alisema Mwalimu Breki. “Aliyekuuzia ni nani?”

“Si nilikwambia? Rafiki wa rafiki.”

“Ulikwenda dukani kwake?”

“Mimi? Hata duka silijui. Aliniletea kazini, nikampa pesa, akaondoka. Sura yake hata sikumbuki vizuri.”

Alijibu vyema mno, na ndilo lililomuumiza Mwalimu Breki. Mumewe huyu, ukimwuliza chumvi imewekwa wapi, hujibu kwa kugugumia.

“Basi bahati nzuri,” alisema, akajikaza kutabasamu. “Fundi ameniambia duka lake lilipo. Nataka nikamshukuru. Twende wote.”

Kigari cha plastiki kilianguka kutoka mezani. Katibu aliinama kukiokota, akachukua muda mrefu kuinuka.

“Leo?” mume aliuliza.

“Sasa hivi. Wewe endesha, miguu inaniuma. Mimi nitakuelekeza.”

“Ngoja ninywe maji.”

Alikunywa maji. Akatafuta viatu alivyokuwa amevaa. Akakumbuka bango ambalo halijakauka, akatoka kulitazama, akarudi, akanywa maji tena.

“Dada,” Katibu alisema, mkoba umekwisha fika begani, “chaki zimekwisha. Nakimbia dukani mara moja.”

“Nenda, mdogo wangu. Usichelewe, kuna wanafunzi.”

Nje pikipiki ikawaka, ikaondoka kwa kasi ambayo mwalimu yeyote wa udereva angeikemea. Mwalimu Breki hakuitilia maanani. Macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja.

*

Mume alishika usukani. Mke akakaa kiti cha mwalimu, mguu karibu na breki ya pili, kama siku ya kwanza walipokutana.

“Kama zamani,” mume alisema, akijaribu kucheka.

“Kama zamani. Kushoto hapo.”

Akakata kushoto.

“Kulia kwenye duka la dawa.”

Akakata kulia.

“Unaendesha vizuri.”

“Nilifundishwa na bingwa.”

“Nilikufundisha nini kuhusu indiketa?”

“Indiketa kwanza, kona baadaye,” aliimba kama mwanafunzi. “Waambie watu unakokwenda kabla hujaenda.”

“Hujasahau.”

“Nitasahau vipi?”

Baada ya hapo Mwalimu Breki alinyamaza. Hakusema kushoto, hakusema kulia. Barabara ilinyooka, ikapita stendi, ikapita wauza matairi, ikafika kwenye ghala refu la mbao. Magari yalikuwa yakienda mbele, yote. Hapakuwa na kibao wala alama, ila upenyo mmoja kati ya ukuta wa ghala na mtaro, ambao mtu angeupita mara mia asiuone.

Alikuwa akitazama mikono ya mumewe. Aliiomba. Msomaji, aliiomba ile mikono iendelee mbele. Kama ingeendelea mbele angerudi nyumbani, angepika, angesamehe hata ambacho hakuambiwa.

Kidole cha mume kikasukuma indiketa.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Wala hakujua kwamba amefanya. Mkono ulikuwa umefundishwa vizuri, nao ulisema ukweli ambao mdomo uliuficha. Gari likaanza kupunguza mwendo.

“Unakwenda wapi?” Mwalimu Breki aliuliza polepole.

“Si… si umesema…”

“Sijasema.”

Mume akaitazama indiketa kana kwamba ni mdudu aliyetua pale. Akaizima. Lakini gari lilikwisha pinda, na nyuma lori lilipiga honi, hapakuwa na pa kurudi. Wakaingia kichochoroni.

“Mke wangu, nisikilize.”

“Umesema duka hulijui.”

“Nisikilize kwanza.”

“Umesema hata sura yake huikumbuki! Mikono yako inapajua. Wewe ndiye uliyepaka ile kutu?”

Mume alikaza macho mbele.

“Nakuuliza! Ulikaa chini, ukachanganya kahawia na nyekundu, ukaipaka taratibu ili mimi nisijue?”

“Nilikuwa na shida,” mume alisema kwa sauti ndogo. “Nilitaka kukwambia.”

“Na pesa yangu ya kikoba?”

Mume alihamishia mkono kwenye gia.

“Kabla sijaitoa nilikuuliza usiku kama niitoe au nisiitoe. Ukanishika mkono. Ukaniambia nikuamini.”

“Naapa nitarudisha. Ni mimi peke yangu, naapa, hakuna mtu mwingine. Usimlaumu mtu mwingine.”

Damu ilimchemka Mwalimu Breki, kisha ikapoa ghafla, na kilichobaki kilikuwa maumivu. Aliona kila kitu upya. Zile asubuhi mume alipojitolea kuosha gari. Ile Jumapili alipolichukua “kulijaza upepo” akarudi jioni. Alivyosikitika gari lilipoanza kunguruma, akazunguka akipiga tairi teke na kuwatukana wezi, na yeye mwalimu ndiye aliyembembeleza atulie! Alikuwa amelia begani mwa mwizi wake. Na bonde lile, la siku ile ya jiwe, la vumbi na kicheko na ombi la ndoa, mume alilipeleka kuuzwa kama chuma chakavu.

“Ulilikata na bonde letu,” alisema. Hilo ndilo lililomtoa machozi.

Mbele yao mlango wa mabati ukafunguka. Akatoka mtu mfupi, mnene, sumaku ya mviringo ikining’inia shingoni kwa kamba. Aliona gari, akasimama.

Mume naye akamwona. Akakanyaga mafuta.

Injini ikapiga kelele. Gari likaruka mbele, kichochoro chote kikajaa vumbi, yule mtu akajibanza mlangoni. Mwalimu Breki hakufikiri. Mguu wake ulikuwa pale pale ulipokuwa miaka yote. Akaikanyaga breki ya pili kwa nguvu zake zote, gari likainamisha pua, likatetemeka, likazima.

Mume akawasha tena, akakanyaga. Mke akakanyaga. Gari likazima.

“Ondoa mguu!”

“Hili ni gari langu,” alisema Mwalimu Breki. “Haliendi popote.”

Sumaku alikwisha kujipangusa. Akaja hadi dirishani, amenuna, lakini macho yakimchezacheza, akimtazama mwanamke, akimtazama mwanamume, akiitazama na ile fulana ya njano. Mwalimu Breki alishusha kioo. Alikuwa amejiandaa kuuliza. Hakuwahi.

“Mama, kabla hujasema lolote,” Sumaku alianza, mikono juu, “mimi huyu bwana simjui.”

“Sijakuuliza.”

“Simjui kabisa! Sijawahi kununua kitu kwake wala kumuuzia. Mimi ni mtu wa sheria, sinunui masega hadi mwenye gari awepo mwenyewe.”

“Mwenye gari ni mimi.”

Sumaku akaishika ile sumaku ya shingoni.

“Sasa… basi mimi simjui. Wala huyo dada mwenye fulana kama yako, aliyesema gari ni lake, naye simjui!”

Mume aliinamisha kichwa juu ya usukani.

Mwalimu Breki hakusikia tena mashine za kupasulia mbao upande wa pili wa ukuta. Alitazama kifua chake, herufi za chuo alizozishona kwa mkono wake, mara mbili, moja yake na moja ya mtoto aliyemlea. Akakumbuka kigari kilichoanguka. Akakumbuka pikipiki. Chaki? Mwezi huu wameletewa boksi zima, yeye mwenyewe amelipanga kabatini.

“Usimpigie,” mume alisema bila kuinua kichwa. “Nakuomba, mke wangu. Usimpigie.”

Alikuwa amekwisha toa simu. Jina lilikuwa la kwanza kabisa, juu ya mume, juu ya wote. Mdogo Wangu. Aligusa, akaweka sikioni. Bado alikuwa na tumaini, dogo kuliko la mwanzo, kwamba ataisikia sauti ile ikimwambia niko dukani, dada, chaki zimepanda bei.

Simu ikaita.

Na nyuma ya mlango wa mabati, mchana kweupe, ndani ya giza la duka la Sumaku, jogoo akawika.